Chakula cha Saa Sita Kwenye Shingo ya Ruri

Nyinyi wajukuu zangu, na wenzenu mnaopanda mlima wa Ruri siku za likizo, mnalalamika kwamba nyanya yenu anawahoji kama askari wa barabarani. Mnapitia wapi, mtakula wapi, mtashukia wapi. Siwaombi msamaha. Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu, polepole, ili msije mkayasikia kwa mtu ambaye hakuwepo.

Ilikuwa miaka ya tisini, likizo ya Agosti. Binti yangu, ambaye sasa ni mama yenu, alikuwa anasoma bweni kule Asumbi. Alikuja nyumbani na wenzake wawili, na walikuwa wameamua kupanda vichwa vyote viwili vya Ruri kwa siku moja. Mnaijua Ruri. Kuna kichwa kikubwa, kuna kichwa kidogo, na katikati pamebonyea, ndipo tunapopaita shingo. Walikuwa wamechora mlima wote kwenye karatasi ya hesabu na kuandika saa pembeni.

Nilisoma kwa kidole. Saa kumi na mbili, kutoka nyumbani. Saa nne, kichwa kikubwa. Saa sita, shingo, kula na kupumzika kwenye mawe. Saa nane, kichwa kidogo. Saa kumi na moja, nyumbani.

Kidole kilirudi kwenye saa sita.

"Msile hapo," nikasema.

"Kwa nini, Mama?"

"Kuna upepo."

"Si upepo ndio tunautafuta? Kule bwenini tunalala tumebanana kama omena kwenye gunia." Wenzake wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilijua kilichokuwa kwenye yale mawe, na hakukuwa na mtu mwingine aliyejua.

Miaka kumi na mmoja kabla ya siku hiyo, ndugu mdogo wa mume wangu alikuwa na mizinga ya nyuki kwenye vichwa vyote viwili. Alikuwa akitoka alfajiri, anaangalia ya kichwa kikubwa, anavuka shingo, anaangalia ya kichwa kidogo, na alasiri anakohoa langoni ili nijue nisonge ugali. Siku ile alipita jikoni akasema, "Nyar Migori, leo songa ugali wa watu. Ule wa jana ulikuwa uji uliopotea njia." Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa binti wa kwao, nami nilitoka upande wa Migori. Nikamwambia aondoke na mdomo wake kabla nyuki hawajaamka. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Alasiri hakuna aliyekohoa.

Walimtafuta bondeni Lambwe siku nyingi, maana kila mtu alisema ameuawa na nyati. Hawakupata hata kipande cha shati. Desturi yetu ni kwamba mtu akipotea na mwili usipatikane, hawezi kuachwa akizurura nje. Lazima kitu kilazwe kaburini mahali pake. Wazee wakachuma yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake, wakalifunga blanketi, tukalizika na kulililia kama mtu. Aliyekataa kulia ni mama mkwe wangu peke yake. Alikaa ameegemea ukuta akasema, "Hilo tunda halikuninyonya."

Miezi minne baadaye nilipanda shingoni kukata nyasi za kuezekea. Niliinama karibu na ufa kati ya mawe mawili, nikaona kiatu chake cha tairi, cha mguu wa kushoto, mkanda wake umefungwa kwa waya aliouzungusha mwenyewe mbele yangu. Chini ya kiatu kulikuwa na giza, na ndani ya giza kitu cheupe.

Sikuita mtu. Nilikisukuma kiatu ndani zaidi kwa mpini wa mundu, nikafunga mzigo wangu wa nyasi, nikashuka.

Mtaniuliza kwa nini. Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa ameanza kula tena. Na wazee husema kaburi lililokwisha kufungwa, likifunguliwa mara ya pili kwa mtu yule yule, huomba mwingine. Nami nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mdogo wake mama yenu. Nikajiambia nitasema mtoto akitembea. Akatembea. Nikasema akianza shule. Akaanza shule, nami bado nilikuwa nimenyamaza. Miaka yote hiyo mtu yeyote akikohoa langoni alasiri, mwiko ulinisimama mkononi. Nyuki wakiingia jikoni sikuwafukuza. Paa la nyumba yake likaanza kuoza, na kila mvua iliponyesha nilisikia linavyoanguka kidogo kidogo.

Sasa watoto wa shule walitaka kufungua mkate juu yake.

Kwa siku mbili nilijaribu kuharibu mpango wao. Nikasema maji hayatoshi, wakaongeza dumu. Nikasema nyati, wakasema watabeba debe la kupiga. Nikasema washuke bondeni, kichwa kidogo wakipande siku nyingine. Binti yangu akaweka kalamu chini.

"Mama, unataka tupite kila mahali isipokuwa hapo."

Mama mkwe alikuwa kando ya ghala, anapepeta njugu. Tulidhani hasikii. "Waache wapite shingoni," akasema. "Wakifika hapo juu wamwite mwanangu kwa jina. Wamwambie nyumba yake imeanguka. Wamwambie mimi bado niko, lakini asikawie."

Binti yangu akaokota kalamu. Pale kwenye saa sita, karibu na neno kula, akaandika: kumwita Baba Mdogo. Nikayatazama maneno hayo mawili yamekaa pamoja.

"Hamtahitaji kuita," nikasema. "Mtakuwa mmemkalia."

Wale wasichana wakatazamana. Mama mkwe aliendelea kupepeta mara moja, mara mbili, kisha akatua ungo.

"Umemwona?"

"Niliona kiatu. Na mfupa."

"Kiatu cha mguu gani?"

"Cha kushoto."

"Lini?"

"Mwaka ule ule."

Hakupaza sauti. "Miaka kumi na mmoja umenipakulia chakula, nyar Migori. Kwa mkono huo."



Mume wangu aliitwa kutoka kwenye mashamba ya miwa upande wa Awendo, alikokuwa kazini. Aliponisikiliza alikwenda kuwaita wazee. Wazee walikaa, wakabishana, wakakubaliana aletwe nyumbani. Wale wasichana wageni wawili tuliwarudisha kwao. Karatasi tuliifuata ile ile, kwa sababu hakukuwa na mpango mwingine, na binti yangu ndiye aliyeibeba. Mzee mmoja alisema marehemu afuatwe kwa njia aliyopita mwenyewe, basi tukaanza na kichwa kikubwa, jua likitupiga mgongoni. Kwenye shingo niliwaonyesha ufa kwa kidole. Ilibidi wanaume walisukume jiwe moja kati ya yale mawili kwa magogo.

Tulipomfunga kwenye blanketi, wengine walitaka kushuka moja kwa moja. Yule mzee akakataa. "Aliondoka kuangalia mizinga ya vichwa viwili. Ameangalia ya kimoja. Amalize siku yake." Tukambeba hadi kichwa kidogo. Mizinga yake miwili ilikuwa imeanguka, mmoja ulikuwa bado mtini, na ndani mlikuwa na nyuki. Tulisimama chini yake, wao wakivuma, mpaka mume wangu akasema twende. Tulifika nyumbani jua limekwisha kuzama. Zile saa za karatasi hazikujua kwamba waliobeba mifupa hutembea polepole, hata kama haina uzito.

Mama mkwe alilifungua blanketi mwenyewe. Safari hii alilia. Mwanawe akazikwa kando ya lile tunda, na kaburi halikuomba mtu. Woga wangu wote ulikuwa wa bure.

Siku ya tatu nilimpelekea mama mkwe ugali na samaki. Akaufunika, akausukuma pembeni kwa vidole viwili. Hakunitazama. Kesho yake vivyo hivyo. Siku iliyofuata binti yangu alipakua kutoka sufuria yangu ile ile, akaweka kwenye sahani yake, akaenda kumwambia, "Dana, bibi yangu, nimepika mimi." Bibi yake akala wote, akaomba na maji ya kunawa.

Binti akanijia nyuma ya jikoni anatabasamu. "Amekula, Mama. Tufanye hivyo kila siku. Hatajua."

Nilifuta mikono. Nikatoka uani, nikawaita wote, mume wangu pia, nikawaambia: "Kuanzia leo chakula cha mama atakipika binti, kwa moto wake, kwenye sufuria yake. Na likizo ikiisha, apike mke wa jirani. Mtu yeyote wa boma hili asimpelekee changu akamwambia si changu."