Mbao Mbili na Ubao Mmoja

Miaka ile biashara ya China ilipochangamka, nilikuwa nikienda Guangzhou kununua nguo za kuuza Mombasa. Mchana kutwa nilikuwa kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu nikibishana na malaoban, ndivyo tulivyowaita wenye maduka. Mjukuu wangu alikuwa akisoma huko uhandisi kwa ufadhili. Ni mtoto wa pekee wa binti yangu, na binti yangu nilishamzika. Kila safari nilikuwa na dua moja tu: msichana huyu arudi nyumbani mzima.

Safari moja nikamkuta kiwiko kimevimba na paja limevilia damu. Nikamuuliza ni nani aliyempiga. Akacheka, akasema ni theluji. Mimi shule sikukaa sana, lakini joto la Guangzhou nalijua, mtu hutoka jasho hata akiwa ameketi. Nikamwambia uongo huo akamwuzie mwingine. Akasema basi, Jumapili twende ukaone.

Nje ya mji palikuwa na jumba refu mfano wa ghala, limeinuka upande mmoja. Ndani mashine zilinguruma zikitema theluji, na mteremko mweupe ulishuka toka karibu na dari hadi chini. Watu walipandishwa na mkanda unaojivuta wenyewe, kisha wakateleza kurudi. Katikati mteremko ulikuwa na nundu, na anayetoka juu hamwoni aliye chini ya nundu mpaka aifikie. Hilo nililiona kabla sijapata pa kukaa. Nikamwendea laoban wa pale, nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni kama hakuna mtu wa kusimama kwenye nundu akaangalia watu.

"Meiyou," akasema.

Maana yake hakuna. Neno hilo mfanyabiashara hulijua kabla ya salamu.

Watu wa pale walikuwa namna mbili. Kuna wa mbao mbili, kila mguu na ubao wake mwembamba, fimbo mikononi, wanashuka kama waliorushwa. Na kuna wa ubao mmoja, miguu yote imefungwa juu ya ubao mpana, mtu amesimama ubavu. Huyu hukata kulia na kushoto akichukua njia nzima, na mgongoni kwake haoni kitu. Akitaka kukaza mikanda huketi papo hapo njiani. Mjukuu wangu alikuwa wa ubao.

Wanafunzi wetu, wa Kenya na wa Tanzania, nao walikuwa wamegawika hivyo hivyo. Kichwa cha wale wa mbao mbili kilikuwa kijana wa Kitanzania aliyesomea udaktari. Nje alikuwa na adabu, hata aliwahi kunibebea robota la nguo hadi soko la Liuhua bila kuombwa. Humo ndani aligeuka. Aliwaambia wa ubao kuwa wameketi njiani kama wako barazani wanangoja kahawa. Mjukuu wangu akamjibu kuwa fimbo mbili ni za mtu aliyekwisha zeeka, kwani yeye ana wajukuu wangapi? Wakacheka wote, siku hiyo.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mzigo wangu ulichelewa, nikakaa mjini Jumapili kadhaa, na kila Jumapili kicheko kilipungua. Wa ubao walipowapita wenzao waliwarushia theluji machoni makusudi. Wa mbao mbili waliwapita wa ubao karibu mno, fimbo ikigusa nguo. Mjukuu wangu alishuka siku moja koti limechanika ubavuni. Nilimuuliza limechanwa na nini, akalivua akalikunja, upande uliochanika ukaingia ndani. Kwenye basi la kurudi waliketi mbalimbali, watoto waliokuwa wakila sahani moja, na hakuna aliyemwitikia mwenziwe. Nikamwambia aache mchezo ule. Akasema akiacha watajua wamemfukuza.

Jumapili iliyofuata nikasimama chini, nyuma ya wavu. Mjukuu wangu akavuka nundu na akaanguka hapo hapo chini yake. Hakuumia, mkanda wa mguu ulikuwa umefunguka. Lakini sisi tunajijua. Mtu wetu akianguka humpiti hivi hivi. Mwenzake wa ubao akasimama kumwambia pole. Akaja mwingine, akaketi kabisa. Hata msichana mmoja wa mbao mbili akasimama, ugomvi ni ugomvi na kuanguka ni kuanguka. Wakawa wamemzunguka kama waliokwenda kumtazama mzazi, wanaulizana umeumia wapi, pole, pole sana, na migongo yao yote imeelekea juu.

Mimi nilikuwa mbali, nikaona ambalo wao hawakuliona. Juu ya nundu yule kijana alikuwa amesimama. Aliwatazama. Kisha akarudi juu kidogo, akashika fimbo zake, akaja.

Nikapiga ukelele. Mashine zikaumeza. Alipotokea juu ya nundu hakuna aliyekimbia, nani angemwacha mwenzake chini? Nikaona sura yake ikibadilika. Akajipinda kwa nguvu akaenda kugonga ukuta, na mguu wake ukalia kama muwa unaovunjwa.

Pale pale wakaanza kulaumiana, huyu angali anagaagaa. Hawa wanasema mmekaa njiani, hawa wanasema alikusudia kuua. Hospitali nilikwenda peke yangu, nikampelekea yule kijana uji. Hakunitazama.

"Nilitaka kuwatisha tu, bibi," akasema. "Nilijua watatawanyika."

Nikamshikia kikombe akanywa.

Jumapili ya pili yake mjukuu wangu nilimkataza kwenda, akaenda. Nikamfuata. Njiani akaniambia nisiwe na wasiwasi tena, wamekubaliana pande zote mbili: akianguka mtu, hakuna kusimama, kila mmoja apite. Alilisema kwa furaha, kama aliyeleta habari za amani.

Na kweli siku hiyo hawakurushiana theluji wala neno. Mashine zilikuwa zimezimwa, na jumba lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mbao zikikwaruza. Akaanguka mama mmoja Mchina, mtu mzima, wa mbao mbili, chini ya nundu. Fimbo zikamtoka, akainua mkono. Wetu wakampita. Wa mbao mbili, wa ubao, wote kwa jumla, hakuna aliyegeuza shingo. Mkono wa yule mama ukabaki juu.

Nikainua wavu, nikaingia na viatu vyangu vya sokoni. Kupanda pale si kazi ya mtu wa umri wangu, nilikwenda kwa magoti na viganja. Nikafika, nikamshika mkono, nikamwambia pole kwa Kiswahili, kwa Kichina sikuijua. Naye akanishika mimi kwa nguvu kama anayezama.

Juu yetu nikasikia ubao unakuja. Nikaujua kabla sijauona, maana niliusikiliza Jumapili zote zile. Mjukuu wangu akatokea juu ya nundu, akaniona, na mwendo hakupunguza.

"Nyanya, ondoka njiani," akasema, akanipita, theluji yake ikanimwagikia mgongoni.