Amri ya Kutoa

Kahambu, mwalimu wa kompyuta mwenye asili ya Butembo, alikuwa ametunga lugha ndogo ya programu ili wanafunzi wake wa mtaa wa Majengo waandike amri kwa Kiswahili. Ndani yake aliweka kamusi, ambamo kila jina lina maelezo yake. Amri ya "weka" iliingiza jina. Amri ya "toa" ilikupa maelezo, kisha ikalifuta jina lenyewe. Aliona neno limekaa sawa, kwani kutoa ni kumpa mtu kitu, na kutoa pia ni kuondoa.

Januari ile vita viliposhuka kutoka Masisi, kambi za wakimbizi zikajaa. Donat, mwalimu mwenzake, akaitumia kamusi hiyo kuandika wakimbizi na mahema yao, ili ndugu watafutane. Mabomu yalisikika karibu zaidi kila siku.

Léocadie alikuja kumuulizia dada yake, Bénita. Akaambiwa yuko kambi ya magharibi, safu ya nne. Siku hiyo askari walikuwa wamefunga barabara, asiweze kwenda. Aliporudi siku ya tatu kuuliza tena, maana namba ya hema ilikuwa imemtoka kichwani, Donat alitafuta mara mbili. Jina halikuwepo. Léocadie hakuuliza sababu; alidhani yanayoondolewa ni majina ya waliokufa. Alikwenda kunyoa nywele, akaketi matanga.

Habari za matanga hayo zilimfikia Kahambu. Alifungua kompyuta akakuta mamia ya majina hayapo. Kila aliyewahi kuuliziwa alikuwa amefutika.

"Mimi nilijua inatoa jibu," Donat alisema polepole. "Kama ni kufuta, si ungeandika *tosha*, vile watu wa hapa tunaita kuondoa?"

Kahambu aliivuta kompyuta. Aliigawa amri: "soma" kwa kutazama, "futa" kwa kufuta, na kufuta kuulize kwanza kama kweli unataka. Lakini majina hayakurudi.

Kulipokucha akampakia Léocadie kwenye pikipiki ya kukodi. Njia nzima walipishana na watu waliobeba magodoro, wote wakielekea mjini. Safu ya nne walimkuta Bénita akikunja turubai.

"Mwalimu," Léocadie alisema, amemshika dada yake mkono, "nililia mutu mwenye kuwa muzima."

Bénita aliuliza sasa waende wapi. Kahambu alifungua daftari, akaanza kuuliza majina upya, hema kwa hema. Watu walimjibu huku wakifunga mizigo. Kabla hajamaliza ukurasa, mahema aliyoyaandika yalikuwa yameshang'olewa.