Mbwa Aliyeombewa Jina Nyumba kwa Nyumba

Wenzangu mliokulia Bagamoyo wakati ule wa redio moja kwa mtaa mzima mtanielewa. Vijana wa leo sina hakika nao. Wao wakipata mbwa asubuhi, mchana keshapewa jina, na jioni picha zake ziko kwenye simu za watu mpaka Mwanza. Sisi jina la mbwa lilitutoa jasho siku nne, miguu peku juani, kaptula ya kaka yangu Kassim imeshikwa na pini.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa aina ya Labrado, rangi ya chai ya maziwa, masikio yamelala. Baba alipewa na mhandisi mmoja wa Kizungu aliyemaliza kazi ya barabara akarudi kwao. Baba alikuwa na duka la misumari na kamba, na wezi walikwisha kulizoea, kwa hiyo akataka mlinzi. Mlinzi gani jamani! Siku ya kwanza alimpokea kila mteja kwa mkia, akamvua mmoja ndala na kumpelekea Baba kama zawadi. Bibi, mama yake Baba, akatangaza kwamba atakayelambwa na mnyama yule ataosha palipolambwa mara saba, mara moja kwa udongo, na maji atayachota mwenyewe. Mimi niliosha mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilimpenda yule mbwa kupita kiasi.

Sasa kumpa jina. Mtaani kwetu hilo halikuwa jambo la mchezo. Kulikuwa na majirani wawili waliokuwa hawapelekeani futari mwaka wa pili, kwa sababu mmoja alimwita beberu wake jina la shemeji ya mwenzake. Na yule ni beberu, mnyama halali kabisa. Sembuse mbwa! Baba alikuwa mtu wa kuuza kwa watu wote, hakutaka ugomvi. Akatuita mimi na Kassim barazani Jumatatu jioni, akatupa sharti lake.

"Jina lisimguse mtu. Mtapita kila nyumba, mtaomba ruhusa. Akikataa mmoja tu, tafuteni jingine; mkikosa, Ijumaa baada ya sala mbwa anapakiwa kwenye gari, anakwenda Ubena kwa ami yenu akafukuze ngedere shambani."

Shamba la Ami liko kando ya barabara kuu, malori yanapita usiku na mchana. Mbwa watatu walikwisha kwenda kule, na hatukuwahi kusikia hata mmoja aliyezeeka.

Tulianza na Simba, kwa sababu tulikuwa watoto na akili zetu zilikuwa za watoto. Muuza kahawa akaweka chini dele lake, akasema kwa upole kwamba Simba ni yeye, tangu alipokuwa akicheza mpira ujanani. Sawa. Tukarudi na Pweza. Kumbe Pweza ni fundi baiskeli. Dafu? Mwenye kipara wa nyumba ya kona alitufukuza kabla hatujamaliza salamu. Tukajaribu Bakuli, tukajaribu Msumeno, tukajaribu Ndimu. Wallahi nawaambieni, hakuna kitu duniani ambacho hakikuwa jina la utani la mtu fulani Bagamoyo! Unataja chombo cha jikoni, anajitokeza mwenyewe na kisa chake.

Kilichonimaliza ni Kitumbua. Tulikwenda na jina hilo kwa Bi Zuhura, mama mkubwa wa mtaa, mwenye sauti ya kunyamazisha harusi. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, tukasema haja yetu. Akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Kisha akatwambia kwa sauti ndogo sana kwamba alipokuwa mwari, marehemu mumewe alikuwa akimwita hivyo. Tukaomba radhi mpaka mlangoni, Kassim akitembea kinyumenyume. Bi Zuhura akatuita turudi, akatupa visheti, akatuonya tusimwambie mtu. Naona leo naweza kusema, Mungu amrehemu.

Alhamisi mchana tulikuwa tumebaki na mikono mitupu. Nilikaa uani nikalia, mbwa ameniwekea kichwa mapajani, na sikujali tena habari ya udongo. Kassim alikuwa anafanya kazi ya shule, kitabu cha ramani mbele yake. Ghafla akaruka. "Ikweta!" Nikafuta kamasi. Tulipitia kichwani majina ya watu wote tuliowajua, wa mjini na wa Kaole, walio hai na waliokufa. Hakukuwa na Ikweta.

Tukatoka mbio. Nyumba baada ya nyumba watu waliridhia, wengine bila kujua wameridhia nini. Ikabaki nyumba moja, ya Maalim wetu wa chuo cha Kurani. Maalim alikuwa mtu wa kuuliza.

"Ikweta ni nani?" akauliza. "Asije akawa mtu mwema wa watu wengine, tukamvunjia heshima."

Kassim akafungua ramani. Maalim akavaa miwani, akaufuata ule mstari kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo. Akauliza kama mtu akienda huko atauona chini. Kassim akajibu kama tulivyofundishwa darasani: "Hapana, Maalim. Ni mstari wa kufikirika."

Maalim akavua miwani, akafunga kitabu.

"Basi," akasema, "kisichokuwepo hakiwezi kukasirika. Mwiteni."

Ikweta aliishi nasi miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kumbwekea mwizi hata mmoja. Lakini kwa kuwa kila nyumba ilikuwa imeombwa ruhusa, kila nyumba ilijiona imempa jina yenyewe. Alipopotea siku moja, adhuhuri haijaadhiniwa, mtaa mzima ulikuwa nje ukimwita, na sauti ya Bi Zuhura ikizipita zote.

Mwanangu amejenga Kerege. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, na mwaka huu kanunua Labrado. Kamwita Brayani. Nikamwambia, mwanangu, hilo si jina la mtu, mtu mzima mwenye kitambulisho? Je, hapo kwa jirani hakuna Brayani? Akacheka. "Mama, wala siwajui hao majirani." Alisema hivyo kama mtu anayesema hajui bei ya nyanya. Mimi iliniuma.

Asubuhi yake nikajifunga khanga, nikamshika mbwa kamba, nikaenda kugonga geti la nyumba ya pili. Mlinzi akafungua kidirisha, akauliza nina miadi na nani. Nikamwamkua vizuri, nikamweleza: nimekuja kuuliza kama humo ndani kuna mtu anaitwa Brayani, maana kwetu kuna mbwa, nisingependa iwe ugomvi.

Alinitazama. Akamtazama mbwa. Kisha akafunga kidirisha, taratibu, kwa adabu kabisa. Nikabaki barabarani na yule mbwa, nikacheka mpaka nikatokwa na machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.