Bibi Namkunda na Kigingi cha Pili

Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, halafu unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, huku huku Upareni, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa msichana wa shule ya misheni karibu na Myamba. Mwalimu wetu Mzungu alitufundisha mchezo mmoja: unapiga mpira kwa gongo, unakimbia kuzunguka vigingi vinne. Siku hiyo tulicheza na wasichana wa Ugweno, tukabakiza bao moja tu tushinde. Mwenzetu akaupiga mpira hadi migombani, nami nikachomoka kigingi cha kwanza kukimbilia cha pili. Aliyekuwa mbele yangu akafika kigingi cha mwisho. Watu wakamwagika uwanjani kwa vigelegele. Kumbe bao lile halikubaliki mpaka nami niguse kigingi cha pili!

Nilibakiza hatua tatu. Mara Bibi Namkunda, jirani yetu, mjane asiye na mtoto, akatokea mbele yangu na shuka yake nyeusi ya kaniki, akicheza kwa furaha. Niambie, wewe uliyelelewa ukaleleka, unampita mtu mzima mbio bila kumwamkia? Nikasimama, nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmetutoa kimasomaso!"

Nyuma ya bibi, msichana wa Ugweno akagusa kigingi kile kabla yangu, mpira mkononi. Filimbi ikalia. Bao likafutwa, ushindi ukatuponyoka mbele ya wazazi wetu.

Wenzangu wakanizunguka: "Ulisimama kwa nini?" Si ningesema tu nilijisahau? Aibu ikanizidi. Nikasema, "Bibi Namkunda alinishika. Miguu ikawa mizito, sijui alinifanya nini."

Loo, ulimi huu! Neno lile lilifika kijijini kabla yangu. Mchawi, wakasema. Watoto wakakatazwa kumwamkia, sokoni akapewa kisogo. Mimi nikawa napita njia ya juu nikienda mtoni, nisionane naye. Mwisho akahama, akateremka kwa ndugu zake, kijiji cha Kisiwani kule tambarare.

Mwaka uliofuata nilikuwa nakatiza uwanja ule, saa sita mchana, ukungu umetanda. Nikamwona amesimama pale pale penye kigingi cha pili, na kaniki yake ile ile. Amini usiamini, nilifurahi. Nikasema moyoni, leo namwomba radhi. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Kimya. Nikarudia. Kimya. Akaniwekea mikono mabegani, ya baridi kama maji ya mtoni, akasema taratibu, "Kushikwa ndiko huku, mjukuu wangu. Siku ile nilikushika?"

Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Ukungu ulipopita hapakuwa na mtu, na nyasi aliposimama hazikuwa zimekanyagwa. Nikarudi nyumbani mbio, nikamkuta mama na mgeni kutoka Kisiwani. Bibi Namkunda alikuwa amezikwa juzi. Waliomzika, alisema yule mgeni, walikuwa watu wanne.

Nilikiri kanisani mbele ya watu wote, wakanisamehe. Lakini kwani mimi niliwakosea wao?

Sasa mimi ndiye bibi. Wajukuu wakiniamkia, naitikia kwa kichwa tu. Wanadhani ni kiburi. Tangu siku ile neno marahaba halijapata kunitoka kinywani, na nimejaribu, tena nikiwa peke yangu jikoni nimejaribu nikalia.

Basi ukikosea, sema umekosea. Na kama kuna mtu mzima uliyempakazia ubaya, mwendee leo ukamwamkie, angali anaweza kukuitikia.