Siku Ndiva Ilipofurikia Kaburi la Babu Mwenyekiti

Babu Mwenyekiti alikufa wiki ambayo maharage ya bibi yalikuwa yameweka maua, na hakuna wakati mbaya zaidi wa maharage kukosa maji. Naanza na hilo kwa sababu hata bibi alianza nalo. Alimlilia shemeji yake kwa sauti, kama inavyotakiwa, halafu akafuta uso kwa kanga akaniuliza, "Sasa ndiva atafungua nani?"

Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe, pale juu ya kitongoji. Maji ya kijito yanaingia usiku, asubuhi linafunguliwa na watu wanamwagilia kwa zamu. Babu, mdogo wake marehemu mume wa bibi, ndiye aliyekuwa anafungua. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji tangu sijazaliwa, na wageni wa wilaya walipelekwa kutazama tangawizi yake. Walisema inanenepa kwa sababu mzee anafuata kilimo cha kisasa. Mimi naona ilinenepa kwa sababu shamba lake liko chini ya ndiva kabisa, na alichimba mfereji ili maji yakizidi yamwagikie kwake, hata siku za zamu za wengine.

Tulimheshimu, sisemi hatukumheshimu. Mimi ni mtu wa aibu, na nilipomwamkia njiani alikuwa ananiuliza, "Umesema shikamoo au umehema?"

Zamu ya bibi iliyopita, babu aliiruka. "Shemeji, wewe ni mtu wa nyumbani, utaelewa." Bibi alikuwa ameelewa hivyo miaka mingi. Safari hii yale maharage ndiyo yalikuwa chakula chetu chote cha msimu, tangu mahindi yalipokauka.

Kwetu mtu mkubwa akifa, jembe halishikwi na ndiva haifunguliwi mpaka azikwe. Kwa kawaida si shida, mtu anazikwa mapema. Lakini babu alikuwa mkubwa kupita kawaida. Watoto wake wasubiriwe kutoka Dar, diwani amalize vikao, na jeneza liagizwe Moshi, maana ya Same yalionekana ni ya watu wa hivi hivi. Mwili ukakaa mochwari, sisi tukala wali wa msiba, na maua ya maharage yakaanza kudondoka.

Bibi aliwaendea wazee waliokaa kwenye turubai. Nilisimama nyuma ya mgongo wake.

"Kesho ni zamu yangu," akasema. "Naomba mtu afungue, hata kwa muda mfupi."

"Mama, yaani tumwagilie maharage na mwenye ndiva yuko kwenye jokofu?" mzee mmoja akamuuliza.

"Kwani yeye anayahitaji?"

Wengine waliinamisha vichwa wakicheka. Yule mzee hakucheka. "Ndiyo maana ndiva hawapewi wanawake," akasema.

Jioni nilimkuta bibi shambani anamwagilia shina moja moja kwa kikombe, kama anayewapa watoto dawa. "Kikombe si jembe," akaniambia kabla sijauliza.

Siku ya mazishi vijana walichimba kaburi asubuhi na mapema, katikati ya tangawizi, mahali ambapo babu alipachagua mwenyewe akiwa hai. Jua lilipopanda, kaburi likawa na maji ya magotini. Ndiva isiyofunguliwa siku zote hizo ilikuwa imefurika, na mfereji wa babu ukafanya kazi aliyoupa. Vijana wakachota kwa ndoo. Yakarudi. Wakachota tena.

"Mzee hata leo anajichukulia ya wenzake," mchimbaji mmoja akasema, na mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa.

Ili kupoteza muda niliitwa kusoma wasifu wa marehemu. Nilichaguliwa kwa kuwa nafanya vizuri Kiswahili kidato cha tatu. Kama naweza kusimama mbele ya watu hakuna aliyeuliza. Wasifu waliuandika watoto wa Dar. Nilipofika pale paliposema aligawa maji kwa haki bila kujali ndugu, sauti yangu sidhani kama ilifika turubai la pili.

Wazee wakajitenga kujadiliana. Kuhamisha kaburi, nani atamhamisha mtu kutoka alipopachagua mwenyewe? Kwenda kuziba kijito kule juu msituni, watarudi jioni, na diwani alishaanza kutazama saa. Likabaki jambo moja: kuifungua ndiva ipungue. Ila ina mikondo miwili tu. Mmoja unapita kwenye tangawizi, yaani kaburini. Mwingine unaanzia kwa bibi ndipo uende kwa wengine.

Yule mzee aliyetaja jokofu akaja mwenyewe. "Mama, tunaomba tufungulie upande wako."

"Jembe linashikwa leo?"

"Linashikwa."

"Basi nafungua mwenyewe."

Akaifunga kanga kiunoni juu ya gauni jeusi, akapanda hadi kwenye ndiva, akachomoa gogo la kuzibia. Maji yakashuka kwa kishindo. Akayafuata na jembe mpaka shambani kwake, akawa anayageuza kutoka mstari hadi mstari, sisi wote tukimwona kutoka msibani.

Nikaambiwa nirudie wasifu, eti wa nyuma hawakusikia. Pale pa kugawa maji kwa haki, safari hii walisikia, na vicheko vikaanzia huko huko nyuma.

Kaburi likaacha kujaa, vijana wakachota maji ya mwisho wakamwaga majivu chini yanyonye unyevu. Jeneza la Moshi likaletwa ukingoni. Bibi alikuwa bado shambani, na mke wa kaka wa marehemu hawezi kukosa kutupa udongo. Yule mzee akasogea hadi ukingoni mwa maharage.

"Mama, tufunge sasa. Mwili unasubiri."

Bibi hakuinua kichwa. "Bado mistari miwili."

Mzee akageuka kumtazama diwani, diwani akatazama viatu vyake. Tukasubiri.