Jipe Nyeupe Ambayo Haikubeba Maiti

Msinitazame hivyo. Sina homa, sinywi pombe, na tangu nianze kuuza vitenge katika soko la Kasongo hakuna aliyewahi kusema kwamba mimi ni mtu wa kutia chumvi. Hili nililiona mchana, jua linawaka, na nilikuwa nimeshiba. Mizimu ya usiku wa manane waachieni wenyewe. Wangu alikuja mchana, akaongea nami kwa adabu, akaniita mama.

Mnamjua binti yangu Zaina, aliyeolewa kijijini Wamaza. Mimba yake ya kwanza ilimharibikia juu ya pikipiki, akiletwa hospitali Kasongo. Dereva mbele, yeye katikati, mama mkwe wake nyuma akimshika asianguke. Mnaijua barabara ile, sina haja ya kuieleza. Alipopata mimba ya pili nikaapa kwamba huyu hatapanda pikipiki. Nitanunua gari. Vitu vyote nilivyokuwa navyo niliviuza kwa ajili hiyo, hata cherehani ya marehemu mume wangu.

Mdogo wangu Ramazani ni shoferi tangu ujana. Akaniambia mimi dada yake, "Yaya, usitafute gari kubwa, itakwama. Tafuta jipe ndogo, fupi, yenye tumbo la juu." Tukazipata mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Kabambare, ya kijani, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Ya pili ilikuwa ya patron mmoja, tajiri wa dhahabu kule Salamabila, nyeupe, yenye klima ya kupoza hewa, viti vya ngozi, hata harufu yake ilikuwa ya manukato. Nikawaambia wote wawili: leteni gari Wamaza, tuzijaribu kwenye barabara ile ile atakayopita mwanangu. Mimi sinunui gari kwa kuitazama imeegeshwa.

Mwalimu alitangulia. Ramazani akashika usukani, mwalimu akakaa mbele, mimi nyuma. Jamani, kutetemeka kule. Kiti cha nyuma kilikuwa na springi iliyokatika, na kila mtu alipokaa ililia kama paka aliyekanyagwa. Lakini ilikuwa inapanda. Pole pole, inanguruma, inapanda.

Tulipofika kwenye daraja la magogo, pale chini ya kilima, kulikuwa na mwanamke kijana amesimama kando, kitenge kimefungwa juu ya tumbo kubwa. Kwetu mwanamke mwenye mimba haachwi njiani. Nikasema, "Ramazani, simama." Akasimama. Nikamfungulia mlango, akaingia, akakaa kando yangu.

Hakutuuliza tunakwenda wapi. Alipapasa kiti, akagusa dari, akatazama nyuma ya kiti, pale mtu anapoweza kulala. Akaniuliza, "Mama, hii inafikishaka watu?"

Nikamwambia, "Ndiyo tunaijaribu, mwanangu. Binti yangu iko na mimba kama wewe."

Akasema, "Inatikisa. Lakini uichukue hii."

Juu ya kilima aliomba kushuka. Nikamfungulia, akaingia kwenye majani. Mwalimu na Ramazani hawakuwa wamesema naye neno hata moja, nami nikajiambia kwamba ni aibu ya wanaume. Na springi? Niaminini, nililifikiria baadaye sana. Alipokaa yeye, springi haikulia.

Siku iliyofuata akaja patron na ile nyeupe. Hapo mwone Ramazani. Alizunguka gari ile mara ngapi sijui, anapiga matairi kwa kiatu, analala chini kutazama amortisa zile za kupunguza mtikisiko, anafungua boneti, anacheka peke yake. "Yaya, motere hii bado mupya. Hii ya mwalimu ukiinunua, utakuwa unanunua garaje." Na alisema kweli. Ile ya kijani ilikunywa mafuta, ilivuja, ilitaka kusukumwa asubuhi. Ile nyeupe ukigusa ufunguo tu, imeamka. Ningekuwa na sababu gani ya kuchukua ya kijani? Kwa sababu mwanamke wa njiani, nisiyemjua jina, alisema?

Lakini nilifanya kama tunavyofanya sisi. Kwetu, gari ikibeba maiti, mwenye gari haondoki nayo hivi hivi. Ukoo wa marehemu unakuja na maji ya mto na majani, wanaosha gari pale alipolala, wanamtaja jina na kumwomba ateremke, kwa sababu wamefika. Gari isiyooshwa hivyo ina mtu ndani yake. Ndiyo maana anayenunua huuliza ana kwa ana, na muuzaji hathubutu kudanganya hapo. Kuhusu motere atadanganya mpaka kesho, lakini hilo hapana.

Basi nikamtazama patron machoni, nikamuuliza, "Patron, hii gari ilishabebaka maiti?"

Naye akanitazama. "Hapana, mama. Naapa kwa watoto wangu. Haijabebaka maiti hata siku moja."

Nikaridhika. Tukaenda kuijaribu. Ilipita kwenye mashimo kama hayapo, na mimi nyuma nikawa tayari namwona Zaina amelala kwenye ngozi ile laini. Tulipokaribia daraja, kabla sijafungua mdomo, patron akamwambia Ramazani, "Usisimame hapa." Nikatazama mbele. Mwanamke yule yule, mahali pale pale.

"Simama," nikasema. Ramazani akasimama, maana mimi ndiye mkubwa wake. Nikateremsha kioo. "Ingia, mwanangu, leo utakaa vizuri."

Aliitazama jipe kuanzia tairi hadi juu. Hakukasirika. Alisema tu, "Hiyo nilishapandaka," akageuza mgongo.

Ramazani akaniuliza, "Yaya, unaongea na nani?" Patron alikuwa ameinamia simu yake, na jasho linamtoka ndani ya klima. Mimi nikadhani, huyu mkono wa birika aliwahi kumtoza huyu maskini nauli kubwa, wakagombana. Ndivyo nilivyodhani. Nikainunua ile nyeupe, na mwalimu akarudi Kabambare na ya kwake.

Zaina alishikwa na uchungu asubuhi, mvua imekwisha kunyesha, barabara imeanza kukauka. Tulimlaza nyuma, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Gari ilikwenda vizuri kabisa. Nilikuwa hata nimeanza kumtania, namwambia mtoto huyu atazaliwa na kiburi, hajui pikipiki ni nini.

Kwenye daraja la magogo ikazima.

Haikukohoa wala kutoa moshi. Ramazani aligeuza ufunguo, akafungua boneti, akashika nyaya moja moja, akarudi, akageuza tena. Hakuna. Akakimbia barabarani kutafuta pikipiki, ndiyo, pikipiki ile ile niliyoikataa. Nami nimebaki na mwanangu anapiga kelele, na damu imeanza kuwa nyingi. Hapo mlango wa upande wa pili ukafunguka, akaingia yule mwanamke. Safari hii hakuwa na tumbo. Akakaa, akamshika Zaina mkono. Nilimsikia akimwambia, "Usiogope, dada. Hapa mimi napajua."

Mtoto alizaliwa pale. Mvulana. Hakulia. Nilimfuta, nikampulizia mdomoni, nikampiga mgongo, nikamwita jina la babu yake. Hakulia. Nilipoinua macho mwanamke hakuwepo, na Zaina alikuwa anatazama majani ya kando ya barabara.

"Mama," akaniambia, "mbona yule dada amemchukua mutoto?"

Mtoto nilikuwa naye mikononi, amekuwa baridi. Nikamwonyesha. Zaina hakumtazama. Aliendelea kutazama majani, na mpaka leo anasema alimwona akiondoka na mtoto, na mtoto alikuwa anapiga miguu.

Ramazani alirudi na pikipiki. Kwa uchungu tu akageuza ufunguo tena, na gari ikawaka mara moja. Tukamfikisha Zaina hospitali, akapona. Madaktari walimwambia hatazaa tena.

Baada ya mazishi nikarudi kwenye daraja kwa miguu. Hapo juu kuna nyumba chache za watu wanaolima mihogo, na mama mmoja wa rika langu alinikaribisha kiti. Nilipomweleza sura ya mwanamke yule, akaniuliza rangi ya gari. Nikasema nyeupe.

Alikuwa binti yake. Alishikwa na uchungu, wakasimamisha jipe nyeupe iliyokuwa inapita, na mwenyewe, patron wa Salamabila, akakubali kumpeleka pamoja na mama yake. Kwenye daraja maji ya uzazi yakamwagika na damu ikafuata. Patron akatazama viti vyake. Akamteremsha kando ya barabara, akisema atarudi na nesi. Hakurudi. Yule binti alikufa hapo kwenye majani, mtoto bado yumo tumboni.

"Tulimfuata mpaka Salamabila na maji na majani," yule mama akaniambia, "tuoshe gari, mutoto yetu ateremke. Akatufukuza. Akatuuliza, mutaosha nini? Gari yangu haikubeba maiti."

Nikaenda kwake pia. Alinipokea uani, na jipe nyingine mpya, nyeusi, imesimama nyuma yake. Nikamwambia yote. Hakubisha hata neno moja. Alisema, "Mama Zaina, uliniuliza kama gari ilibeba maiti. Nilikujibu ukweli." Akaniagizia chai. Chai! Nilimtemea mate mlangoni nikaondoka, na kwa nini niwafiche, mpaka leo namchukia mutu yule, na nikisali sisemi jina lake.

Yule mama wa darajani alikuja Kasongo na ukoo wake, tukaosha gari pamoja. Walimtaja binti yao, mimi nikamtaja mjukuu wangu. Tuliwaomba wateremke. Lakini utamwomba vipi ateremke mtu ambaye alikwisha kuteremshwa? Gari imebaki uani kwangu, imefunikwa na turubai, kuku wanatagia kwenye viti vya ngozi. Zaina alirudi Wamaza kwa pikipiki. Akija kunisalimia, dereva wa pikipiki ananiambia kwamba Zaina humwomba asimame darajani, anashuka, anakaa kwenye majani kidogo, anacheka na mtu. Kwangu hataki kuingia uani. Tunaongea barabarani, mimi na mwanangu, kama wapita njia.

Wanunuzi wanakuja. Wanafunua turubai, wanasifu motere, na mwisho wananitazama machoni na kuuliza: gari hii ilishabebaka maiti? Mimi nawajibu ndiyo, ilimbeba mjukuu wangu. Wanafunika turubai, wanakwenda.

Wewe unayetafuta jipe, sikia. Tazama matairi, lala chini utazame amortisa, uliza swali letu la maiti, ni zuri. Halafu usimshukuru anayekuapia kwamba hapana. Muulize alimteremsha nani, wapi, na kama alikuwa bado anapumua.