Bi Mkasi Ahesabu Vichwa

Nyumba yetu ina vyumba sita, bomba moja, na bili ya maji inayogawanywa kwa vichwa. Mwenye nyumba hataki kusikia habari hizo. Yeye anataka kodi yake. Kazi ya kuhesabu tulimwachia Bi Mkasi, mshona nguo wa chumba cha mbele, kwa sababu hakuna mwingine mwenye ulimi wa kutosha.

Sheria yake ni moja: mgeni akifua nguo mara ya pili, si mgeni tena, alipiwe. Mama mkwe wangu alikuja kutusalimia, akafua shuka mara mbili, na Bi Mkasi akamtia kwenye bili bila haya wala soni.

"Mkweo ana mwili wa watu wawili," akaniambia, "na nimemhesabu mmoja. Shukuru, baba."

Nilimchukia kweli kweli.

Basi binti wa Bi Mkasi alipotoka kwa mumewe na sanduku na jicho limevimba, nikawa nachungulia kamba ya nguo kama mlinzi wa benki. Binti akafua. Akafua tena. Akafua mpaka mapazia. Mama mtu akajifanya haoni. Kila aliyeuliza alijibiwa, "Amekuja kunisalimia tu." Aibu ilimkaba, maana harusi ya binti huyo alijigamba nayo uani mpaka tukatamani kuhama. Lakini binti naye ana masikio, akasikia kwamba kwa mamake yeye ni mgeni tu. Siku moja nikamwona anapanga nguo sandukuni, anajiandaa kurudi kule kule kwenye ngumi.

Mwisho wa mwezi tukakusanyika bombani. Maneno yangu nilikuwa nimeshayanoa. Kabla sijafungua kinywa, akaingia mume, kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kumchukua mke wangu. Mgeni akikaa sana huchosha wenyeji."

Binti akaenda kuchukua sanduku. Bi Mkasi hakuitikia salamu. Akaanza kuhesabu.

"Fundi redio, watatu. Muuza mkaa, wawili." Akafika kwake. "Chumba changu, mimi na binti yangu. Wawili. Kila mwezi."

"Mama, si nimesema nimekuja..."

"Umechelewa. Huyu keshahesabiwa."

Binti akasimama mlangoni, sanduku mkononi, akaanza kulia kwa sauti. Mume akatugeukia wanaume tumsaidie. Mimi ndiye niliyemjibu. Nikamwambia atupishe, tuna bili ya kugawana.